Samaki Wafao Katika Tangi Jipya: Kabla ya Kumtafuta Mtia Sumu, Yachunguzwe Maji

Katika mesi ya kituo kimoja cha polisi, ambacho hatutakitaja kwa kuwa wote waliohusika wangali kazini, samaki 18 walihamishwa jioni moja kutoka katika tangi kuukuu la kioo wakatiwa katika tangi jipya. Kulipopambazuka, 7 kati yao walikuwa wakielea juu ya maji, matumbo yameelekea dari. Kabla ya chai ya saa nne, konstebo mmoja kijana alikuwa amekwisha kuvuliwa mkanda na kuwekwa mahabusu, akituhumiwa kuitilia sumu mali ya mesi.

Huenda msomaji akauliza habari ya samaki wa mapambo yawahusu nini watu wa bunduki na pingu. Nasi tungeuliza vivyo hivyo, kama tusingeketi na konstebo huyo chini ya mwembe wa kituo na kumsikiliza. Samaki wenyewe hawakuwa na thamani kubwa. Lakini yeye aliikosa arusi ya dada yake, na jina lake likaandikwa katika kitabu cha matukio pamoja na neno "sumu", hali sumu hiyo haikutiwa na mtu yeyote. Matangi ya namna hii yamekuwa mengi siku hizi katika mesi, katika ofisi za wakubwa na hata katika nyumba za askari, na vifo vya namna hii vimekuwa vingi vivyo hivyo. Kwa hiyo tumeona inafaa tuieleze kesi hii tangu mwanzo.

Tangi kuukuu lilikuwa dogo, la lita 80 hivi, nalo lilikuwa limekaa pembeni mwa mesi kwa muda wa miaka 6. Ndani yake waliishi ngege wachache wachanga pamoja na wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao Waganda huwaita nkejje, na wakazi wa kusini mwa ziwa huwaita furu. Waliletwa kidogo kidogo na askari wa majini waliokuwa wakienda likizo. Madume ya nkejje yakiwa na afya hung'aa kwa buluu na nyekundu, na askari waliokuwa wamechoka na zamu walipenda kuketi mbele yao. Maji ya tangi hilo yalikuwa na rangi ya chai hafifu, na kioo chake kilishika ukungu wa kijani. Hakuna aliyelisifu. Hata hivyo samaki waliishi, wakala, wakazaa.

Ikaja habari kwamba mkubwa kutoka makao makuu atakitembelea kituo. Likanunuliwa tangi jipya la lita 200, na konstebo, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatunza samaki, akaamriwa kulitayarisha. Alifanya kazi hiyo kama asafishavyo bunduki yake siku ya ukaguzi. Changarawe ya tangi la zamani aliichemsha jikoni. Sifongo ya chujio aliisugua chini ya bomba hata ikawa nyeupe. Maji ya zamani, kwa kuwa yalikuwa na rangi, aliyamwagia maua. Tangi jipya akalijaza maji ya bomba, maangavu kabisa, na saa kumi na moja jioni akawahamisha samaki wote kwa wavu. Kisha, ili wazoee upesi makao yao mapya, akawapa chakula kingi kuliko desturi.

Kila jambo katika hayo lilifanywa kwa nia njema, na karibu kila moja lilikuwa kosa.

Tuwe wa haki kwa wale waliomshuku. Konstebo alikuwa amegombana na sajini wa mesi siku chache kabla, juu ya likizo yake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ufunguo usiku ule. Na katika stoo ya mesi palikuwa na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, ambayo kila mtu ajua kwamba huua. Sababu, nafasi na silaha: mpelelezi mwenye haraka angetaka nini zaidi? Kijana alilala mahabusu usiku mmoja, kisha akazuiwa asitoke kambini mpaka uchunguzi umalizike.

Lakini uchunguzi uliharibiwa na samaki wenyewe. Siku ya nne tangu kuhamishwa, konstebo akiwa hana ufunguo wala ruhusa ya kuikaribia mesi, walikufa wengine 2. Siku ya tano wakafa 3. Wako waliosema kwamba hiyo ni sumu iendayo polepole. Mkuu wa kituo, ambaye alianza kuona haya, akaagiza aitwe Bwana Samaki wa wilaya.

Bwana Samaki alikuja na kisanduku cha chupa ndogo za kupimia maji, akakuta samaki waliobaki wamejipanga juu, vinywa wazi, wakihema kama watu waliokimbia mbio ndefu. Kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa jina la mtu. Aliuliza saa: walihamishwa saa ngapi, wa kwanza alionekana amekufa saa ngapi, wa pili siku gani. Aliandika yote hayo, kisha akasema kwamba hapa hakuna mwuaji mmoja, wako wawili, na kwamba wa tatu yuko njiani. Sajini alicheka. Bwana Samaki hakucheka. Akaomba apewe ile chupa ya dawa ya nguo kutoka stoo. Ilikuwa bado na lakiri yake, haijafunguliwa. Kwa siku 5 chupa hiyo ilikuwa ikitajwa kama silaha, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeinyanyua kuitazama.

Mwuaji wa kwanza alitoka katika bomba. Maji ya mjini hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi, na Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba maji yafikapo bombani yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini katika kila lita. Mara nyingi huwa zaidi ya hapo kidogo. Kwa mwanadamu kiasi hicho hakina madhara, na tunaomba pasiwe na askari atakayekwenda kugombana na watu wa maji kwa sababu ya makala yetu: kambi iliyojaa watu, isiyo na klorini katika maji yake, hukaa mlangoni mwa kipindupindu. Lakini samaki hayanywi maji tu, huyapumua. Ndani ya matamvua yake damu imetengana na maji kwa ngozi nyembamba mno, na klorini huiunguza ngozi hiyo. Miligramu 0.1 tu katika lita yaweza kuwaua samaki wa aina nyingi wakiendelea kukaa humo. Ndiyo maana vifo vya klorini huja kwa saa, usiku ule ule, na ndiyo maana wale 7 hawakuiona asubuhi.

Kufika siku ya tano klorini ilikwisha kutoweka katika tangi, kwa maana hutoka yenyewe maji yakikaa wazi. Bwana Samaki akajaza ndoo kutoka bomba lile lile, akatia matone yake, na rangi ikaonyesha klorini mbele ya macho ya wote. Aliongeza kwamba ubaridi wa maji mapya nao huenda ulisaidia kuua, kwani samaki hana joto lake mwenyewe, na kumtoa katika maji ya vuguvugu ukamtia ghafla katika maji ya baridi ni kumpiga rungu.

Mwuaji wa pili ndiye wa ajabu zaidi, kwa sababu alitoka katika samaki wenyewe. Kila samaki hutoa uchafu wake kwa sehemu kubwa kupitia matamvua, nao ni amonia, ile yenye harufu kali ijulikanayo na kila aliyewahi kusafisha choo cha kambi. Chakula kilichobaki kikaoza nacho hutoa amonia. Ziwani uchafu huo hupotea katika wingi wa maji. Ndani ya kioo hauna pa kwenda. Basi kwa nini katika tangi lile chafu, dogo, samaki waliishi miaka 6?

Hapa inafaa tuwataje Waingereza wawili, baba na mwana, ambao jina lao ni moja: Robert Warington. Baba alikuwa mkemia mjini London, na mwaka 1850 alieleza jinsi alivyowaweka hai samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo, pamoja na majani ya majini na konokono. Miaka 3 baadaye bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya samaki kwa ajili ya umma. Wakati huo ilifikiriwa kwamba siri yote imo katika majani yatoayo oksijeni na konokono walao uozo. Ilikuwa nusu ya siri. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walionyesha kwamba amonia iliyomo katika maji machafu hugeuzwa na viumbe hai visivyoonekana kwa macho. Na Warington mwana, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, akaonyesha kwamba kazi hiyo ina hatua mbili, kila hatua ikiwa na viumbe wake. Mwaka 1890 mtaalamu wa Urusi, Sergei Winogradsky, akafaulu kuwatenga. Wao walikuwa wakitafuta siri za udongo na mbolea, lakini waliyoyagundua ndiyo yaliyokuwa yakitendeka kimya kimya katika kile kioo cha baba.

Bakteria hao wa kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza nitriti. Wa kundi la pili hula nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki aweza kuivumilia kwa kiasi kikubwa. Nao hawaishi sana katika maji yenyewe. Hushikamana na changarawe, na kioo, na hasa sifongo ya chujio. Konstebo wetu, alipochemsha changarawe na kuisugua sifongo kwa maji yenye klorini, alikuwa amewaua walinzi wa tangi, kombania nzima, bila ya kujua kwamba wapo. Tangi jipya likawa kama kambi isiyo na lindo. Walinzi wapya huja wenyewe, lakini huchukua majuma 3 hadi 6 kuongezeka hata watoshe, na samaki hawezi kungoja muda huo akiwa ndani ya amonia yake mwenyewe. Chakula kile kingi cha jioni ya kwanza kilizidisha mambo.

Jambo hili lina sehemu moja ya hila, ambayo tunaomba isisomwe kwa haraka. Amonia majini huwa na sura mbili, moja kali na moja isiyo kali sana, na kinachoamua ni kile kipimo cha uchachu wa maji kiitwacho pH. Katika joto la digrii 25, maji yakiwa na pH 7, isiyofika sehemu 1 katika 100 ya amonia ndiyo yenye sura kali. Kwa pH 8 huwa karibu sehemu 5. Kwa pH 9 hupita theluthi. Basi maji yale yale, yenye amonia ile ile, yaweza kuwa salama asubuhi na kuua jioni.

Askari walioko kando ya ziwa, ambao huwapelekea jamaa samaki hai katika mifuko ya nailoni, wapambane na hila hii kila mara. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki hutoa hewa ya kaboni, nayo huyafanya maji kuwa machachu, hivyo amonia iliyokusanyika njiani hukaa katika sura isiyo kali. Mfuko ufunguliwapo, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia hugeuka kali kwa muda mfupi. Msafiri huona samaki wamefika wazima, huuacha mfuko wazi saa nzima akipumzika na kunywa chai, kisha hushangaa. Inayofaa ni kuueleza mfuko juu ya maji mapya ungali umefungwa, kama dakika 15 au 20, ili joto lilingane, kisha kuufungua na kuwatoa samaki bila kukawia, na maji ya mfuko kuyamwaga nje, wala si ndani ya tangi.

Turudi mesini. Bwana Samaki aliagiza wasilishwe kitu kwa siku 3, na kila siku theluthi ya maji itolewe na kutiwa maji yaliyokaa wazi ndooni kwa siku 2. Aliagiza pia kwamba mtu apelekwe kwenye tangi lolote la zamani lenye samaki wazima, aombe konzi ya changarawe chafu, isiyooshwa, aje aimwage katika chujio. Agizo hili la mwisho liliwachekesha watu zaidi ya yote: kuuendea uchafu safari! Siku ya sita alikufa 1 zaidi, kisha vifo vikakoma. Hapo konstebo akaachiliwa. Arusi ilikuwa imekwisha pita siku 2.

Dhana ya sumu haikuanzia katika mesi ile, wala si ya kijinga. Katika Ziwa Victoria wamekuwapo wavuvi wenye kutumia sumu za wadudu wa mashamba, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki kutoka Uganda, Kenya na Tanzania kwa hofu hiyo. Jeraha lake kwa viwanda na wavuvi linakumbukwa mpaka leo. Kwa hiyo, mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wakubwa walipoanza kutupwa ufukoni wamekufa, watu hawakukawia kuulizana ni nani aliyetia sumu. Askari wa kikosi cha jeshi kilichoanza doria za ulinzi wa uvuvi mwaka 2017 wanakumbuka maswali hayo. Wizara ya kilimo na uvuvi ya Uganda ilieleza kwamba kiini chake ni upungufu wa oksijeni: dhoruba ziliyapindua maji, na yale ya chini, yasiyo na oksijeni ya kutosha, yakachanganyika na ya juu. Sangara ahitaji oksijeni nyingi kuliko ngege, naye ndiye aliyeanguka kwa wingi.

Hapa tena ni maji, na hapa tena alama ilikuwapo mbele ya macho: ni nani aliyekufa, na nani aliyesalia.

Mwuaji wa tatu alikuja katika juma la tatu, kama alivyotabiriwa. Ziara ya mkubwa ilikuwa imefika, mesi imepakwa chokaa, na sajini hakutaka ndoo zionekane mbele ya wageni. Basi maji hayakubadilishwa kwa siku 5. Bakteria wa kundi la kwanza walikuwa wamekwisha kuongezeka na kugeuza amonia kuwa nitriti, lakini wa kundi la pili, ambao hukawia, walikuwa bado wachache. Nitriti huingia katika damu na kuizuia isibebe oksijeni, hata samaki akakosa pumzi katika maji yenye hewa tele. Wakafa 3. Bwana Samaki alipofunua matamvua yao yalikuwa ya kahawia, kama kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, badala ya wekundu. Alimwita sajini aje atazame. Inasemekana sajini alitazama kwa muda mrefu bila ya kusema neno, kisha akaenda mwenyewe kuzileta ndoo.

Kwa atakayeanzisha tangi, mengi yamekwisha semwa hapo juu, wala hatutayarudia. Tuongeze tu kwamba chumvi kidogo ya kawaida, gramu 1 kwa lita, huwakinga samaki wengi na nitriti. Kwamba maduka ya samaki mijini huuza dawa iitwayo sodiamu thaiosalfeti iondoayo klorini mara moja, kwa yule asiyeweza kungoja siku 2. Na kwamba palipo na mtu aliyezoea kuhamisha vifaranga vya samaki, kama wale wa kituo cha Kajjansi kando ya barabara ya Entebbe, maneno yake yana faida kuliko tangi la bei kubwa. Na asianze na samaki 18. Aanze na 2 au 3, awape chakula kidogo, angoje mwezi.

Tulipoitembelea mesi hiyo tulimkuta dume mmoja wa nkejje, rangi yake ya buluu imekwisha kurudi, pamoja na ngege 1 mchanga. Ni hao tu. Nyuma ya jiko zilipangwa ndoo 4 zisizo na vifuniko, kila moja imeandikwa tarehe kwa chaki. Ufunguo wa tangi yuko nao konstebo yule yule, na likizo yake alipewa mwezi uliofuata. Tulimwuliza kama yeye na sajini wamepatana. Alijibu, "Afande hunisaidia kubeba ndoo." Kitabu cha matukio hakifutwi, kwa hiyo neno "sumu" lingali mahali pake, lakini kurasa kadhaa mbele mkuu wa kituo ameandika kwa mkono wake kwamba uchunguzi umefungwa, hapana mshtakiwa, na kwamba samaki wapya wasiletwe mpaka Bwana Samaki atakapoyapima maji tena.